J yako na E yangu: tusitukanane kwa kipimo tusichokisoma

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye gazeti lako, mana hili jambo limeshakuwa gumzo Unguja na Pemba na kila mtu anasema lake. Siku hizi fungua grupu lolote la WhatsApp la ukoo hukosi skrinishoti ya kipimo cha DNA, mtu kaletewa majibu na mtoto wake alioko Uingereza au Canada, imeandikwa J1 au J2 au E, ndo herufi za matawi ya asili ya upande wa baba, basi chini yake ndo utaona maneno. Wa J anaandika mashaallah sisi asili yetu Manga, wa E ananyamaza au anasema kipimo cha wazungu hicho uongo mtupu, mwengine anatia vikatuni vya kucheka, na kabla ya Alasiri watu washaanza kutoka kwenye grupu. Mie nimesomesha biolojia skuli miaka mingi, sasa nimestaafu nipo hapa Wete, na kwetu pia tumepima, kwa hiyo naomba niseme ninachokijua kuhusu hiki kipimo cha upande wa kuumeni. Watu wanalipa pesa nyingi kisha wanasoma herufi moja ya juu tu, ripoti yote iliobaki wanaiwacha.

Kwanza tufahamiane kinachopimwa. Mwanamme ana kromosomu Y, kaipata kwa baba yake, na baba kwa baba yake, na karibu yote inashuka kama ilivyo, ni vipande vidogo vya kwenye ncha tu ndo vinachanganyika na X. Inakwenda vile vile linavyokwenda jina letu, fulani bin fulani bin fulani, mpaka unafika pale wazee walipoishia kukumbuka na yenyewe bado inapanda. Mwanamke hana Y. Mie mwenyewe sina, nikitaka kujua ya baba yangu lazima nimpimishe kaka, au ami akiwa hai, au mtoto wa kiume wa ami. Mwanangu wa kiume hanifai kwa hilo, yeye kachukua ya baba yake. Nashangaa mpaka leo kuna watu wanaleta ripoti ya mtoto wa dada yao wanasema hii ndo damu ya babu yetu mzaa baba, jamani, hiyo damu ya shemegi yenu!

Na msikichanganye na vipimo vyengine. Kile cha kumjua baba wa mtoto, ambacho watu wanapelekwa kwa Mkemia Mkuu, ni kitu kengine. Kile kinachotoa asilimia, ati wewe asilimia kadhaa Afrika asilimia kadhaa Asia, hicho nacho mbali, kinaangalia kromosomu zote pande zote mbili. Cha Y kinafata mstari mmoja tu wa wanaume, basi.

Mstari mmoja maana yake nini? Wazazi wako wawili, mababu na mabibi wanne, juu yao wanane, kisha 16, kisha 32. Katika hao 32 Y inakuonesha mmoja tu, yule alioko juu kabisa kwenye bin bin bin. Ukipanda vizazi kumi nafasi zinafika 1,024, ingawa wengine watajirudia khasa sie tuliozoea kuoana watoto wa ndugu, na Y bado ni mmoja. Wote waliobaki, pamoja na kila mwanamke alieingia kwenye ukoo huo, hiki kipimo hakiwaoni kabisa. Angalieni watoto wa Sayyid Said, alofariki 1856. Barghash mama yake Mhabeshi, Majid mama yake Mcherkesi wa huko milima ya Caucasus, na wote wawili wakatawala hapa kwa zamu. Lau ungewapima Y wangekuja kitu kimoja hawa, huwezi kumjua nani mtoto wa Mhabeshi nani mtoto wa Mcherkesi. Na dada yao Salme usingempata kabisa mana hana cha kupima. Akina mama wana mstari wao, mtDNA, anaotoa mama kwa watoto wake wote wa kiume na wa kike ila wanaoupeleka mbele ni wa kike, na huo watu wetu hawaupimi, sijui kwa nini, au najua ila nitasema baadae.

Sasa hizo herufi. Wanaume wote duniani wamepangwa kwenye mti mmoja, kuanzia A mpaka T, kila tawi linaitwa haplogrupu, na tawi linajulikana kwa badiliko moja la DNA lilomtokea mwanamme mmoja zamani sana, kila mtoto wa kiume aliotoka kwake kalibeba. Ndo maana ripoti inaandika E-M2, J-M267, J-M172, hiyo M na namba zake ndo jina la badiliko lenyewe. Ripoti za zamani zilikuwa na majina marefu, E1b1a ndo hiyo hiyo E-M2, J1 ndo J-M267, J2 ndo J-M172, kwa hiyo msije mkagombana ndugu wawili kumbe mna kitu kimoja kimeandikwa njia mbili.

E-M2 imejaa Afrika ya magharibi, ya kati, kusini na huku kwetu, kwa watu wa lugha za Kibantu. Lakini msiikamate E mkadhani ni moja, kuna E-M35 ambayo iko kwa wingi Pembe ya Afrika na Afrika ya kaskazini na matawi yake mengine yako Arabuni, kwa hiyo mtu mwenye asili ya Barawa anaweza kuja na E na Mmanga wa Oman naye anaweza kuja na E. J1 ndo kubwa Yemen, Oman na bara Arabu kwa jumla, ila ipo pia Sudan na Ethiopia. J2 utaikuta Iran, Iraq, Uturuki mpaka India. R1a ipo Iran, Pakistan, India, Ghuba pia, na Ulaya ya mashariki ndo usiseme. Na umri wa matawi haya muukumbuke. Mzee wa kwanza wa J-M172 aliishi maelfu kwa maelfu ya miaka kabla hakujakuwa na Shiraz wala Maskati, na mzee wa E-M2 aliishi kabla hakujakuwa na Mzaramo, Mnyasa, Mtumbatu wala Mhadimu. Mtu akikwambia E-M2 yake imemwambia yeye Mnyamwezi, au J1 yake imemwambia ukoo gani wa Oman, huyo kaambiwa na jirani yake, ripoti haikusema hivyo.

Mfano ninaoupenda ni wa Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani. Alikuwa na kijakazi akiitwa Sally Hemings, mtumwa wake, na kwa miaka karibu mia mbili watu walikuwa wakibishana kama watoto wa Sally ni wa Jefferson au si wake. Mwaka 1998 wakapima. Jefferson hakuwacha mtoto wa kiume wa ndoa, kwa hiyo walifanya nini, wakaenda kwa ami yake, Field Jefferson, wakatafuta wajukuu wa wajukuu wa kiume walioshuka kwa huyo ami, wakalinganisha na mwanamme alioshuka kwa Eston, mtoto wa mwisho wa Sally. Zikawa sawa. Wako na watu wengine, ukoo wa Woodson, nao walikuwa wanadai wametoka kwa Jefferson, wao hawakuwa sawa. Lakini angalieni, kipimo peke yake hakikusema ni Thomas, kilisema ni mwanamme wa ukoo ule, mana ndugu yake Randolph na watoto wa Randolph nao wana Y hiyo hiyo. Kilichoongeza uzito ni makaratasi, kuwa kila Sally aliposhika mimba Jefferson alikuwepo nyumbani kwake Monticello. Na sasa kichekesho chenyewe, herufi ya Jefferson ni T, kitu adimu sana kwa wazungu, unakikuta Mashariki ya Kati na Afrika ya mashariki, hata kwa baadhi ya Wasomali. Mzungu wa Virginia! Lau Jefferson angekuwa kwenye grupu letu la WhatsApp angeshaambiwa kwao Hargeisa.

Kuna jengine linatumiwa sana kwenye mabishano, ule utafiti uliotoka kwenye jarida la Nature mwezi wa Machi 2023, kina Profesa Chapurukha Kusimba na David Reich na wenzao. Walipima mifupa ya watu 80 wa zamani, wengi wa miji ya pwani, Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara. Walichokikuta ni kuwa kuchanganyika kulianza kiasi ya mwaka 1000, upande wa akina mama karibu wote ni Waafrika, na upande wa akina baba wengi ni watu wa Asia, zaidi Waajemi na kidogo Wahindi, kisha baada ya 1500 hivi ndo damu ya Arabuni ikazidi. Basi watu wakarusha, haya ushirazi wetu umethibitishwa! Taratibu. Ni kweli inawiana na hadithi za wazee kuhusu watu wa Shiraz, na wala haigongani na maandishi ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani ya mwaka 500 Hijria, ambayo ni 1107. Lakini waliopimwa wengi walizikwa karibu na misikiti na kwenye makaburi ya mawe, yaani watu wenye uwezo wao, si kila mvuvi na mkulima wa wakati ule, na hakuna aliochimbwa Unguja wala Pemba. Na halafu hao wanaoutumia utafiti huu kujitapia wanasoma nusu, nusu ya baba, ile ya mama wanairuka. Ndo hapo nilipotaka kufika niliposema najua kwa nini mtDNA hatuipimi.

Sasa ripoti yenyewe. Chini ya ile herufi kuna jedwali la majina kama DYS393, DYS390, DYS19, na mbele yake namba, 13, 24, 14 na kadhalika. Hizo ndo maka. Ni sehemu kwenye Y ambapo kipande kifupi cha DNA kinajirudia rudia, na namba ni hesabu ya marudio tu. 13 si bora kuliko 12. Namba hizi zinabadilika mara moja moja mtoto anapozaliwa, inapanda moja au inashuka moja, kwa hiyo wanaume wawili wakilinganishwa unahesabu zimetofautiana ngapi, wakitofautiana kidogo mzee wao wa pamoja yu karibu, wakitofautiana sana yu mbali. Kwa maka 37, mstari mmoja unaweza ukapitisha vizazi vitano sita, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kinying'inya, bila namba hata moja kuguswa, na inaweza ikabadilika leo baina ya baba na mwanawe wa kumzaa. Ni wastani. Ndo maana anaekwambia tumetofautiana moja kwa hiyo babu yetu ni wa mwaka fulani, mwambieni apumzike. Na kama mmepima maka 12 tu mkawa sawa sawa, msichinje mbuzi bado, inawezekana mmeachana mamia ya miaka nyuma, hata zaidi ya elfu.

Kutokana na hapo utaona kuwa ripoti ya mtu mmoja haikwambii kitu kikubwa. Inahitaji mwenzake. Na orodha ile ya watu mliofanana ambayo kampuni inakuletea, kwa sie inakuja ama tupu au na Wamarekani weusi ambao wazee wao walivushwa Atlantiki, mana huku Afrika ya mashariki waliopima ni wachache sana. Watu wa Ghuba wamepima kwa wingi. Kwa hiyo mwenye J1 anapata orodha ndefu ya kina Al fulani anafurahi, mwenye E-M2 anapata watu wa Georgia na Alabama anachukia, na wote wawili wanachokiona pale ni nani alikuwa na pesa ya kununua kipimo. Tena wenzetu wa Ulaya wanatafutana kwa jina la ukoo, sie majina yetu ni lako, la baba na la babu, kila kizazi linasogea, mtu akiangalia orodha ya kampuni hakujui wewe nani. Cha kufanya ni kuwatafuta wenyewe wale ambao mnajua au mnaambiwa ni ndugu wa kuumeni, mlango huu na mlango ule, kisha mkapima.

Sie ndo tulivyofanya. Kwetu tuliambiwa tuna milango mitatu, watoto watatu wa kiume wa babu mkuu mmoja, mmoja kabakia huku Pemba, mmoja kahamia Unguja, mmoja Mombasa. Kaka yangu yupo Uingereza, yeye ndo alianza, ikaja J-M172. Akafurahi, sikumkatia furaha yake, nikamwambia tu mtafute binami wa Unguja apime na yeye. Wa Unguja ikaja E-M2. Sasa hapo ndo watu wengi wanapoharibikiwa, mana mbio mbio wanaamua kuwa yule mwenye J ndo mwenyewe na yule mwenye E ndo wa kuingia. Kwa dalili gani? Ukiwa na wawili tu hawakuwiana huwezi kujua uzi umekatika upande gani, huenda ni wake, huenda ni wako. Lazima wa tatu. Tukamuomba mzee wetu wa Mombasa, bahati akakubali, unafuta tu shavu kwa ndani na kile kijiti basi, ikaja J na maka 35 katika 37 sawa na za kaka. Kwa watu ambao mzee wao wa pamoja ni baba wa babu, kutofautiana mbili hakuna ajabu.

Kwa hiyo mlango wa Pemba na wa Mombasa ni mmoja kwa kuumeni, na wa Unguja uliingia kwa njia nyengine mahali fulani baina ya yule babu na huyu binami. Njia zinaweza kuwa nyingi. Mtoto wa kambo aliokuja na mama yake akalelewa na kuitwa kwa jina la mume. Yatima wa rafiki. Mtoto wa ndugu wa kike aliokulia kwa wajomba. Mtu alioachwa huru akajinasibisha na ukoo. Na ile nyengine ambayo kila mtu huifikiri mwanzo na mie sioni kwa nini iwe ya mwanzo. Tulikaa tukakubaliana hatuchimbi zaidi, binami ni binami, watoto wake wanamwita kaka yangu ami na wataendelea. Shangazi yetu mkubwa tulipomueleza yote hayo, kwa utaratibu na kwa lugha nyepesi, alituuliza suala moja tu, kama hii inabadilisha chochote kwenye shamba la Konde.

Haibadilishi, shangazi. Na hili nataka niliseme kwa wale wanaotishia kwenda kwa kadhi na karatasi ya kampuni ya Marekani. Wazee walisema kitanda hakizai haramu, na hadithi ya Mtume (SAW) ndo hiyo, mtoto ni wa firashi, yaani wa kitanda cha ndoa. Baraza la Fiqhi la Rabita, ile jumuiya ya Waislamu wa dunia, huko Makka lilikaa mwaka 2002 likaamua wazi kuwa alama za DNA hazitumiki kumkana mtu nasaba yake ilothibiti kisharia, wala haifai kuzitumia kuwahakiki watu ambao nasaba zao zishathibiti. Wameacha nafasi kwa mambo kama mtoto aliookotwa, au watoto waliochanganyika hospitali. Kwa hiyo ripoti ya Y ni ya kutafutia historia, mirathi iacheni.

Na masharifu. Najua hapa naingia pagumu. Kuna watu kwenye mitandao wanauza khabari kuwa tawi fulani la J1 ndo la Makureshi na asiekuwa nalo si sharifu. Masharifu wanashuka kwa Bibi Fatma na Sayyidna Ali, kwa hiyo Y yao ni ya Sayyidna Ali, ambayo ni ile ile ya Mtume mana wote wawili wajukuu wa Abdul Muttalib kwa baba zao. Sawa. Lakini hakuna mtu aliempima Abdul Muttalib. Kinachofanyika ni kuwapima watu wa leo wenye shajara, yaani mti wa nasaba ulioandikwa, kisha kuangalia wengi wao wameangukia tawi gani, nalo ni jambo la kuvutia, ila kumvua mtu usharifu wake kwa hilo ni ujeuri.

Turudi kwenye ile njia ya walioachwa huru wakajinasibisha na ukoo, mana kwa visiwa hivi ndo penye historia khasa na ndo tunapopakimbia. Utumwa hapa ulifutwa kisheria 1897, na masuria hawakuwemo mpaka 1909. Mtu akiachwa huru aliweza kubaki na jina la ukoo wa bwana wake, na mtoto wa suria akikubaliwa na baba yake alikuwa huru na mrithi sawa na wa mke. Chukua watu wawili leo wenye jina moja la ukoo. Mmoja babu yake aliachwa huru, Y yake ni ya Ziwa Nyasa au Manyema. Mwengine bibi yake alikuwa suria, Y yake ya Arabuni na huyo bibi, mama wa baba yake, ndo wa Nyasa au Manyema. Wakikaa barazani huwezi kuwatafautisha, kahawa wanakunywa moja, halafu siku moja wanapima na mmoja anaanza kumuona mwenzake mdogo, wakati bibi zao huenda walikuja kwenye jahazi moja. Na haya majina ya makabila yenyewe tumeyabadilisha sana, sensa za Waingereza zinaonesha, baina ya 1924 na 1931 waliojiandikisha Waswahili walipungua kwa kiasi kikubwa mno, Waarabu na Washirazi wakaongezeka, na hakuna meli ilokuja kuchukua watu. Watu waliamka wakajiita vyengine, na walikuwa na sababu zao. DNA yao ilibaki vile vile.

Kwa anaetaka kupima, mambo mawili matatu. Cha maka 37 bei yake ndogo, kile kikubwa kinachosoma sehemu kubwa ya Y na kukushusha mpaka kwenye vitawi vidogo vya juzi juzi bei yake ni mara kadhaa ya hiyo. Ikiwa pesa ni hiyo hiyo, bora maka 37 kwa wanaume watatu wa milango tofauti kuliko kikubwa kwa mmoja. Kikubwa kije baadae, kwa mmoja wa wale waliowiana, na hapo ndo unaweza kuanza kuuliza J2 hii ni ya upande gani. Kabla hamjapima andikeni ile bin bin kwa kila mlango, mpaka mwisho wa kumbukumbu ya mzee alie hai, andikeni na majina ya bibi na wametoka wapi. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zipo, hati za wakf zipo, hati za mashamba ya mikarafuu zipo majumbani kwenye masanduku zinaliwa na mchwa. Na muombeni ruhusa yule mnaempima, mwambieni mapema kuwa huenda ikaja kitu asichokitarajia, akikataa mumuache.

Halafu fikirini na usalama. Ile kampuni kubwa ya vipimo vya DNA, 23andMe, mwaka 2023 iliingiliwa na wezi wa mitandao, khabari za watu kama milioni 6.9 zikachukuliwa, na Machi 2025 ikaenda mahakamani kufilisika, watu wakabaki wanakimbilia kufuta majina yao. Namba ya siri ukiibiwa unabadilisha, Y huibadilishi, na si yako peke yako, ni ya kaka zako, ya ami zako na watoto wao wote wa kiume. Skrinishoti kwenye grupu la watu mia mbili nayo ndo hivyo hivyo.

Mhariri, kama kuna wasomaji wako wa Wete, Konde, Micheweni au Mombasa ambao kwao nako kuna hadithi ya ndugu watatu walioachana Pemba na wameshapima wakapata J-M172, nitafurahi wakiandika hapa hapa gazetini wataje maka zao bila majina ya watu. Sie za kwetu tuko tayari kuzitoa, kaka ameshakubali na mzee wa Mombasa pia.

Msomaji wako,
Mwalimu mstaafu, Wete, Pemba